Nyota Nyuma ya Vumbi la Ng'ombe

Kristofa wa kijiji cha Zagayu alipenda vitu vilivyotoka mbali. Mwaka ule wa themanini na saba, mitumba ilipoanza kumwagika mnadani Bariadi, wenzake walichagua makoti. Yeye akarudi na darubini iliyopasuka kioo kimoja. Mkewe Violeth siku ile akampakulia ugali bila mboga, na kwa Violeth hiyo ni hasira kubwa.

Mwezi Machi redio ikatangaza kwamba nyota imelipuka katika kundi kubwa la nyota lililo jirani na letu, na wanaoishi kusini wanaweza kuiona. Kristofa hakutaka kuhadithiwa. Shida ilikuwa vumbi. Mvua ilikuwa imekatika, na kila jioni ng'ombe wa jirani yake Bundala waliporudi, upande wote wa kusini ulifunikwa. Basi akaenda kusimama nyuma ya zizi la Bundala mwenyewe, ambako mbele hakuna kitu ila mbuga.

Bundala akamkuta pale. "Mwadila," akamsalimu. Kristofa, darubini usoni, hakuitikia. Ng'ombe walikuwa wakiibwa msimu ule, na Usukumani mtu anayechungulia nyuma ya zizi bila kuitikia salamu hana jina zuri. Bundala akapiga yowe, sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaja na marungu.

Luhaga, mtemi wao, alimsikiliza Kristofa akieleza habari ya nyota mpaka mwisho. "Tuonyeshe hiyo nyota. Isipoonekana, umetengwa. Hakuna atakayekupa moto wala maji, na ukifiwa utazika peke yako."

Kristofa aliogopa sana. Mama yake alikuwa mgonjwa kitandani, na hata kaburi mtu mmoja halichimbi.

Wakakaa chini kusubiri vumbi litue. Giza lilipoingia, kusini kabisa kikatokea kile kiwingu cheupe kisicholeta mvua, ndilo lile kundi la nyota la redioni, na ndani yake nukta ya mwanga. Luhaga akaitazama kwa darubini, kisha kwa macho. "Nyota ndogo kama nyingine. Nitajuaje kuwa ni ya juzi?"

Kristofa mwenyewe hakuwahi kupaangalia pale kabla. Aliyewahi ni Bundala, aliyelala mbugani na ng'ombe tangu utoto. Wote wakamgeukia. Angenyamaza tu, shtaka lake la wizi lingesimama.

Bundala akatazama kwa muda. "Hiyo haikuwepo," akasema. "Napajua pale. Huyu hajadanganya." Kisha akamuuliza Kristofa, "Ilikufa lini?"

"Kabla ya babu zetu, baba. Mwanga wake ndio umefika sasa."

"Basi taarifa ya msiba imechelewa," akasema Bundala, akaenda zake. Kuomba radhi hakujua.

Jioni ya pili yake vumbi halikutimka. Violeth akatoka kuona kulikoni. Ng'ombe wote walikuwa bado kisimani, na Bundala amesimama mbele yao na fimbo, anawazuia.

Violeth akarudi ndani. "Baba Anatoli," akamwita mumewe, "leta hiyo darubini. Na mama tumtoe nje, naye aione."