Nilijifunzia Kihispania kwa Siri ya Rafiki Yangu

Kosa ni langu, na tafadhali msinitafutie kisingizio. Nimevunja uchumba wa watu kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nakunja mashuka.

Mimi ni Mkenya, kazi yangu ni kuhudumia wazee hapa Maryland. Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa naishi Langley Park, chumba kimoja na rafiki yangu wa tangu nyumbani. Nitamwita Agnes. Alipopata mchumba, Mtanzania mmoja mpole nitakayemwita Elia, mimi ndiye niliyepiga vigelegele kabla ya wengine.

Agnes alikuwa na mtoto wa kiume Kenya, amemwacha kwa mama yake. Elia hakujua. Kila Jumapili Agnes alijifungia bafuni na kadi yake ya simu, akaongea na mwanawe kwa sauti ya chini. Aliniambia mimi peke yangu. Alisema atamweleza Elia mwenyewe kabla kamati ya harusi haijakaa kikao cha kwanza, maana watu wakishaanza kugawana kazi za harusi, neno kama hilo unalianzia wapi?

Sasa niwaambie habari ya Kihispania. Kazini kwetu bila Kihispania unabaki nyuma, kwa hiyo nilimwomba jirani yetu kutoka El Salvador, doña Telma, anifundishe. Darasa letu lilikuwa chumba cha kufulia nguo chini ya jengo, Jumamosi, mashine zikizunguka.

Siku hiyo alinifundisha quería. Ni neno la kutaka, alisema, lakini kutaka kulikodumu: de niña quería ser maestra, nilipokuwa mtoto nilikuwa nataka kuwa mwalimu. Ni la kupenda pia: quería mucho a mi abuela, nilikuwa nampenda sana bibi yangu. Na ukiingia kwenye duka la mikate, kusema nataka ni ukali kidogo. Sema quería dos panes, ingawa mikate bado unaitaka. Nilicheka. Kwetu si ndivyo tunavyobisha hodi kwa jirani, "nilikuwa naomba chumvi," na chumvi yenyewe hujapewa? Nilijiona nimeshalimeza neno.

Akasema haya, nipe mfano wako, na uwe wa kweli.

Elia alikuwepo. Alikuja kumsaidia Agnes kubeba nguo. Agnes alikuwa amepanda juu kufuata sabuni, na yeye alibaki anapanga taulo kwenye meza ya pili. Nilimwona. Nilimwona vizuri sana!

Hapa wenzangu wa ughaibuni mtanielewa. Tumezoea kumsema mtu kwenye basi naye amekaa mbele yetu, kwa Kiswahili, huku tukimtabasamia, maana nani atajua? Nikadhani na Kihispania kitanificha vivyo hivyo. Tena niseme yote, nilikuwa na wivu. Ilinipa raha ya kipumbavu kulisema jambo lile puani pake asijue.

"Mi amiga tiene un niño en Kenia," nikasema. Rafiki yangu ana mtoto Kenya. "Quería decirle a su novio, pero tenía miedo." Alikuwa anataka kumwambia mchumba wake, lakini alikuwa anaogopa.

Doña Telma alinisifu sana. Sentensi haikuwa na kosa hata moja.

Elia akaweka taulo chini. "¿Cómo se llama el niño?" aliuliza, kwa Kihispania laini kuliko changu. Nikazidi kukunja shuka. Akarudia kwa Kiswahili, taratibu: "Dada, mtoto anaitwa nani?"

Jamani! Kumbe mtu huyu amepakia mizigo kwenye maghala ya Landover na watu wa El Salvador tangu afike nchi hii. Sikuwahi kumuuliza. Nilijiona Kihispania ni changu, nami nimekianza juzi! Nilitamani sakafu ipasuke. Hapo hapo Agnes akaingia na sabuni.

Walizungumza nje, kwenye maegesho ya magari, muda mrefu. Baadaye Agnes alinieleza. Mtoto Elia angempokea, kwani yeye mwenyewe alilelewa na baba wa kambo. Kilichomshinda ni kwamba alilisikia pamoja na jirani anayefua nguo, si kwa Agnes mwenyewe. Haikupita muda tukaambiwa harusi imeahirishwa, na sote tunajua neno hilo hutumika lini.

Agnes hakunitukana. Laiti angenitukana! Aliporudi ndani siku ile, alikunja nguo zake zote, akafunga mfuko, ndipo akanigeukia.

"Kwani wewe hakuna kitu ulikuwa unataka? Ni yangu tu uliona?"

Kilikuwepo. Nilikuwa nataka mtu wangu, mtu wa kuja Jumamosi kunibebea nguo. Ningeweza kulisema hilo siku ile, maneno yote nilikuwa nayo. Niliyaonea haya maisha yangu, nikatoa ya mwenzangu.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayesoma, uliyeaminiwa neno la mtu, usilichezee kwa lugha yoyote. Ukitaka mfano, toa wa kwako, hata kama unakuumiza. Na usimtazame mtu ukaamua hasikii. Huku ugenini kila mtu amefanya kazi na watu wa kila namna, hujui nani ameokota nini wapi.

Agnes alihamia Columbia, mji mwingine hapa hapa Maryland. Tunakutana kwenye misiba na kwenye harusi za wengine. Hanikwepi, hata mkono hunipa. Ila mimi hunisalimia kwa Kiingereza. How are you, anasema, kisha anawageukia wengine na kuwaamkia kwa Kiswahili.