Hulda wa Golbanti na Nguzo Kumi na Mbili za Saruji

Ukimtafuta Hulda siku ya soko hapa Garsen, usitafute mtu anayepiga kelele. Tafuta mama mfupi, leso mbili, viatu vya plastiki, anapima mchele kwa kopo na hashushi bei. Mimi nimembembeleza mwaka mzima. Ananiangalia tu, halafu anafunga gunia.

Kuna watu hapa mjini wanasema huyu mama alitukosesha pesa za wafadhili. Nikisikia hivyo damu inachemka, na juzi nusura nimpige mtu kofi pale stendi. Nina kibanda cha kuchaji simu na kuprinti. Ile fomu iliyoleta maneno yote ilitoka kwa mashine yangu, na siku ya maneno yenyewe nilikuwepo. Kwa hivyo nisikilizeni mimi, si wale wa kunywa chai na kusengenya.

Kwanza mjue malka. Malka ni njia ya ng'ombe, inapita katikati ya mashamba mpaka mtoni. Kiangazi kikikaza, Waorma wanaleta mifugo kutoka nyika, na bila malka hawafiki kwa maji ila wakanyage mahindi ya mtu. Hapo ndipo fujo huanza. Mwaka wa 2012 fujo ilianza kweli, nyumba zikachomwa huku na huku. Hulda, ambaye ni Mpokomo na mkulima, alimzika kaka yake.

Kiangazi kilichofuata alifunga leso akatembea peke yake mpaka kwa Waorma. Huko alikuwa na mama mmoja waliyejuana kwa kuuziana maziwa, anaitwa Sabdio. Sabdio naye alikuwa amezika mtoto. Hulda alimuuliza swali moja tu, ng'ombe wenu watapita wapi mwaka huu. Kesho yake wakatembea wote wawili.

Mpaka leo wanafanya vile vile. Hulda anatangulia na mzigo wa vijiti, Sabdio anafuata na vitambaa alivyochana kwa nguo kuukuu. Hulda akichomeka kijiti, Sabdio anafunga kitambaa juu yake. Kijiti kisichofungwa kitambaa hakihesabiki, mtu yeyote anaruhusiwa kuking'oa. Mvua ikinyesha wanarudi pamoja wanavitoa vyote, kwa sababu mto wetu unahama, na hawataki mtu aseme njia ya mwaka jana ni yake ya milele. Kikundi chao sasa kina akina mama zaidi ya thelathini, Wapokomo, Waorma na Wagiriama.

Sasa ikaja habari ya mtandao wa vikundi. Wafadhili kutoka Ulaya walisema wanataka kusaidia vikundi vya raia katika nchi hizi zinazotaka kuwa kitu kimoja, bora vikundi vishikane kuvuka mipaka. Kikundi chetu cha mto Tana kikaunganishwa na kimoja cha mto Pangani kule Tanzania na kingine cha mto Juba, Somalia, maana nao wameingia Jumuiya ya Afrika Mashariki juzi juzi. Sharti lilikuwa moja. Vikundi vyote vitatu vitie sahihi karatasi moja kufikia Ijumaa. Kimoja kikikataa, vyote vinakosa.

Na Hulda aliitaka hiyo pesa, asije mtu akaniambia hakuitaka. Mafuriko yalikuwa yamebeba mbegu za kikundi kizima. Alitaka ghala la mbegu lililoinuka juu ya maji. Hata pa kulijenga alikuwa amefyeka mwenyewe.

Kujaza fomu aliachiwa Isaac, mtoto wa yule kaka yake aliyekufa. Isaac amesoma chuo Malindi, mpole, ila ana haraka. Fomu iliuliza mpaka wa kudumu wa njia ya mifugo. Yeye akachukua simu, akatembea malka ya mwaka jana peke yake, akaandika vipimo vyote mpaka mita. Tena akaenda mbele zaidi. Akatengeneza nguzo kumi na mbili za saruji, akazipaka rangi za bendera ya wafadhili, akazisimamisha zote ili wageni wa mtandao wakija Alhamisi wakute mambo yameiva. Hakumuuliza mtu.

Jumatano Sabdio akaja na mzigo wake wa vitambaa. Akasimama mbele ya nguzo ya kwanza muda mrefu. Akauliza hiyo imechomekwa na nani, na yeye alikuwa wapi. Isaac akaanza kueleza mambo ya mradi. Hulda alimnyamazisha kwa mkono, akasema twende tuifuate mpaka mwisho.

Nguzo zilitupeleka vizuri kabisa mpaka mtoni, halafu mto ukatucheka. Mafuriko yalikuwa yamekula ukingo wote, umekatika wima kama ukuta, urefu wa watu wawili. Hapo hata mbuzi hashuki. Ng'ombe wakifika pale na kiu watageuka, na pembeni ni mahindi ya Jefwa, Mgiriama ambaye hana mzaha na mahindi yake. Pa kushukia palikuwa pamebaki mahali pamoja tu, kule chini. Na katikati ya hapo na nyika kuna mpunga wa Hulda, umebakisha mwezi kukomaa.

Isaac akamgeukia Hulda. "Shangazi, wewe tia sahihi tu. Hakuna mzungu atakayekuja kupima. Pesa ikiingia, ng'ombe watapita watakapopita."

Na mimi nitasema ukweli, nilimwona ana akili. Ningekuwa mimi ningetia sahihi mara mbili.

"Na Sabdio nitamwambia nini?" Hulda alisema. "Kwamba kwenye karatasi njia iko, ila ng'ombe wake hawana? Baba yako alikufa sababu ya njia iliyoamuliwa na watu wa upande mmoja. Nguzo zako ziko vile vile."

Isaac akaangalia miguu yake.

Alhamisi gari la mtandao likafika Golbanti, kijijini kwa Hulda. Mgeni alikuwa Josephine, Mtanzania wa Korogwe, dada wa heshima zake na Kiswahili kilichopigwa pasi. Akapiga goti kidogo, shikamoo mama. Hulda akaitikia marahaba, halafu hapo hapo akamwambia fomu ni ya uongo na hataitia sahihi. Avue viatu, waende.

Wakaenda kwenye matope, sisi wengine nyuma. Walipofika kwa mpunga Hulda hakupunguza mwendo. Akaingia, akachagua kijiti, akakichomeka katikati ya mpunga wake mwenyewe.

Sabdio akabaki amesimama na kitambaa mkononi.

"Hulda, huo mpunga ni yako."

"Najua ni wangu."

"Ng'ombe yangu haina adabu. Itakula."

"Basi utaniletea maziwa. Funga, jua linachoma."

Sabdio akafunga. Wakaendelea hivyo mpaka majini, vijiti kumi na tisa.

Josephine alikuwa amelowa mpaka magotini, na uso umembadilika. Akasema kwa upole kwamba ameelewa, ila mama akikataa, wenzake wa Pangani na wa Juba nao wanakosa. Ndugu zangu, hilo lilikuwa zito. Kunyima watu wako ni kitu kimoja, kunyima watu wa nchi nyingine ambao hata hujawaona ni kingine.

Hulda akakaa chini ukingoni, akasugua matope miguuni. "Wapigie," akasema. "Waulize kama mto wao unalala mahali pamoja kila mwaka."

Josephine akapiga, simu ameiweka sauti ya juu. Wa kwanza mwenyekiti wa Pangani. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kumbe nao walichora mstari, na mstari wenyewe ulishapitwa na mto tangu Aprili. Akapiga Juba. Yule bwana akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba wao waliandika tu kwa sababu walidhani Kenya na Tanzania ndio walitaka hivyo. Vikundi vitatu, nchi tatu, uongo wetu umekaa mstari ule ule wa fomu.

Jioni ile karatasi ikaandikwa upya kibandani kwangu, Josephine akisoma na Hulda akirekebisha. Vipimo vikatoka. Pakaandikwa kwamba njia itatembewa kila kiangazi na watu wa pande mbili, na alama zake zitang'olewa pamoja mvua ikinyesha. Ijumaa, kwa kutumiana karatasi kwa simu, vikundi vyote vitatu vikaitia sahihi.

Wafadhili walijibu baada ya miezi miwili. Wameshukuru, ila karatasi haifanani na waliyoomba, kwa hiyo itangojea kikao kingine. Tunangojea mpaka leo. Hapo ndipo watu wa chai walipopata cha kusema.

Mimi nawaambia niliyoyaona. Ng'ombe walipita siku arobaini. Theluthi ya mpunga wa Hulda iliisha, maziwa yakaja kila asubuhi, na mahindi ya Jefwa hayakuguswa. Hakuna aliyeshika panga.

Kiangazi hiki akina mama wawili wa Pangani wamekuja kwa basi, nauli wamechangiwa na kikundi chao, wanataka kuona vile malka inatembewa. Hulda aliwapokea nyumbani. Zile nguzo ziko uani kwake, Isaac alizibeba moja moja kwa mkokoteni bila kuambiwa, na sita zimeshalazwa kama msingi wa ghala. Saruji ni saruji, Hulda anasema, na ghala analijenga pesa ije isije. Sabdio alikuwa amekalia ya saba, bendera iko chini yake, anachana vitambaa. Akawasogezea wageni nguo kuukuu, nao wakaanza kuchana.