Mwiko wa Dona

Mimi ndiye niliyempeleka mdogo wangu machimboni, na mimi ndiye niliyemlisha mpaka miguu ikafa. Nasema hivi kwa sababu nyumbani wanaamini alirogwa.

Duara letu, yaani shimo la kuchimba dhahabu, lilikuwa nje kidogo ya Kharumwa, na lilikuwa halitoi kitu. Nikamleta mganga. Akachinja kuku mweupe mdomoni mwa shimo, akatoa mwiko: anayeshuka ale vyeupe tu. Ugali wa sembe kwa chumvi, wali, uji wa sukari. Dona marufuku, nyama na maharage marufuku, na nsansa, yale majani makavu ya viazi aliyotutumia mama kutoka Samuye, marufuku kabisa. Alisema dhahabu hukimbia tumbo chafu.

Mdogo wangu aliushika mwiko kama mlokole. Mimi sikuwa nashuka, nilikuwa msimamizi, ila nilimwambia tutafunga wote. Njaa ikinibana nasingizia kwenda mjini kununua kamba, nakula nyama na maharage, nasukutua mdomo, narudi.

Miezi ikapita, akaanza kulalamika kwamba nyayo zinamwaka moto. Baadaye zikaingia ganzi, na vidole vya mikono vikafuata. Mchana mmoja tumekaa jikoni kwa mpishi wetu nikasikia harufu ya kuungua. Kisigino chake kilikuwa juu ya kaa la moto, naye anaendelea kupiga soga. Badala ya kumvuta nilipiga makofi. Mganga alishatuambia kuwa mwili ukifa ganzi, dhahabu imemkubali mtu. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Akawa anatembea akiinua magoti juu kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Nikawa namwigiza mbele ya wachimbaji wa maduara ya jirani, wanavunjika mbavu. Naye alicheka. Siku aliposhindwa kupanda kutoka shimoni nilimwita mvivu kwanza, kisha ndipo nikamtupia kamba.

Hospitalini daktari alimuuliza anakula nini. Akataja kimoja kimoja, kwa majigambo.

"Mishipa ya fahamu imekosa vitamini B," daktari akasema. "Imo kwenye zile pumba za mahindi. Pumba mnampa nani?"

"Kuku wa mpishi," nikajibu.

"Basi kuku wanatembea." Akaitazama miguu yangu. "Na wewe mbona mzima?"

Kabla sijafungua mdomo, mdogo wangu akadakia: "Tulifunga wote na kaka, daktari. Sema yeye ana damu nzito."

Nikaitikia kwa kichwa.

Sindano zimemrudishia vidole vya mikono. Miguu bado imelala. Alicheleweshwa, na niliyemchelewesha ni mimi. Sasa yuko Samuye, anashinda mkekani, mama anamsongea dona. Wageni wakija anawasimulia tulivyovumilia, ndugu wawili, ugali kwa chumvi. Mama hunisogezea bakuli la nsansa.

"Kula, mwanangu," husema. "Nawe uliteseka."

Nami nakula.