Tangazo la Ukutani Lapata Mteja

Nilikuwa nasonga ugali binti yangu alipoingia mbio. "Mami, shosho hayuko! Na simu yake iko kitandani!"

Mama mkwe, bibi yake huyo, alikuwa na wiki moja tu hapa Edmonton, Uingereza, na giza lilikuwa linaingia. Nilizima jiko nikatoka na aproni yangu.

Tulimwona dirishani mwa nyumba ya mwisho wa mtaa wetu, ile yenye tangazo la zama za Malkia Victoria lililoandikwa kwa rangi ukutani. Limepauka, lakini linasomeka: vidonge vya kuondoa uchovu wa akina mama. Alikuwa ameketi na kikombe cha chai sebuleni kwa mzee Mwingereza.

"Alibisha hodi akaomba vidonge," mzee aliniambia, akijishika mbavu kwa kicheko. "Nimemwambia duka lilifungwa kabla babu yangu hajazaliwa."

"Basi mbona hawajafuta?" mama mkwe aliniuliza. "Kwetu ukuta ukiandikwa sabuni, ndani kuna sabuni. Nilitaka kukununulia wewe, mwanangu. Unasinzia ukiwa umesimama."

Simu yangu hunifuata na matangazo kutwa nzima, nami sinunui kitu. Ukuta ule haujamfuata mtu kwa zaidi ya miaka mia, na bado umepata mteja mlangoni.

"Twende ukale," mama mkwe akamwambia mzee. "Siwezi kunywa chai yako nikuache na njaa."

Ugali ulikuwa umeganda. Mama mkwe alininyang'anya mwiko, akanikalisha, akausonga upya na kupakua. Nikahesabu vichwa mezani: sote tupo, na mmoja wa ziada.