Ndiyo ya Mama wa Iyunga

Nilipohamishiwa Mbeya kutoka Iringa, katikati ya miaka ya hamsini, niliwekwa kuwa karani katika mahakama ya Bwana Shauri, ofisa Mwingereza wa wilaya aliyehukumu kesi. Nilisoma mashtaka, niliita mashahidi na kuandika yaliyosemwa. Utaratibu ulikuwa mmoja kila siku: mshtakiwa husomewa shtaka, kisha huulizwa kama anakubali. Akikataa, mashahidi huitwa mmoja mmoja. Akikubali, haitwi mtu. Adhabu hutolewa palepale.

Asubuhi moja ya baridi kali aliletwa mama mjane, mkulima wa Iyunga. Jirani yake alikuwa amepotelewa na nguruwe mweusi, na wiki ileile mama akaonekana na nguruwe mweusi. Nguruwe mwenyewe alifungwa kwenye nguzo uani, akipiga kelele kuwashinda watu wote. Viazi vya mama vilikuwa bado shambani. Akifungwa, vingeozea ardhini, kwani hakuwa na mtu wa kumvunia.

Bwana Shauri alikuwa mgeni, na alikipenda sana Kiswahili alichojifunza kwao. Siku hiyo hakutaka mkalimani. Nilipomaliza kusoma shtaka, akamwinamia mama kwa upole.

"Mama, wewe hukuiba nguruwe huyu?"

"Ndiyo, Bwana," mama akajibu bila kusita.

Bwana Shauri akachovya kalamu kwenye wino. "Amekubali."

Kwenye benchi la mashahidi, mfugaji wa Mbalizi aliyemuuzia mama nguruwe yule akashika kichwa. Mzee wa baraza, aliyeketi kando ya Bwana Shauri ili kumshauri, akakohoa.

"Bwana, amekubali kwamba hakuiba."

"Lakini amesema ndiyo!"

"Ndiyo, hakuiba. Angekuwa ameiba, angesema hapana, nimeiba."

Bwana Shauri akamtazama kama mtu anayechezewa.

"Niulize mimi, Bwana," mzee akaendelea. "Niulize kama sijala."

"Haya. Mzee, hujala tangu asubuhi?"

"Ndiyo, Bwana! Na sasa inakaribia saa sita."

Watu wakaangua kicheko, hata askari wa mlangoni. Bwana Shauri akawa mwekundu, kisha naye akacheka, akaufuta mstari wake. Nami nikaandika: amekataa.

Basi kesi ikaanza upya. Mfugaji akaeleza jinsi alivyomuuzia mama nguruwe huyo. Kisha jirani akaambiwa ataje alama za nguruwe wake kabla hatujatoka kumwangalia.

"Sikio la kushoto limechanika, Bwana. Aling'atwa na mbwa."

Tukatoka uani sote. Masikio yote mawili yalikuwa mazima.

"Labda limepona," jirani akasema kwa sauti ndogo.

"Shemeji," mama akamwambia, "nionyeshe fundi aliyelishona. Nina gauni limechanika."

Tuliporudi ndani, Bwana Shauri alisoma hukumu: mama hana hatia, achukue nguruwe wake aende nyumbani. Mama akapiga magoti kushukuru. Nilikuwa naandika mstari wa mwisho Bwana Shauri alipomuuliza:

"Mama, huna la kusema zaidi?"

"Ndiyo, Bwana."

Kalamu ya Bwana Shauri ikasimama hewani. Akamgeukia mzee wa baraza.

"Hana," mzee akasema, huku akiichukua kofia yake. "Twende tukale."