Unga Mwekundu Chini ya Wapagazi

Hebu mwone anavyokuja. Ni saa moja na robo asubuhi, geti la jumba la sanaa limefunguliwa nusu, na mwanamke mfupi anakaribia akiwa ameukumbatia mkoba kifuani kama mtu anayevuka mto. Viatu vyake ni vya soli ya mpira, havitoi mlio. Alivichagua mwenyewe, maana kwa miaka ishirini na mitatu kazi yake imekuwa kulinda vitu na kulinda utulivu. Ukicheka kwa kishindo mbele ya picha, hujui katokea wapi, unamkuta nyuma yako, kidole mdomoni: "Shii!" Wenzake wakamwita Mama Shii, jina likamganda, hata mumewe nyumbani akalichukua.

"Mbona umenuna, Mama Shii?" mlinzi wa geti alimuuliza Jumamosi ile. "Siku ya ufunguzi hii! Toa hata jino moja."

"Fungua geti, baba. Meno utayaona jioni, tukijaliwa."

Mlinzi alicheka, kisha akaacha kucheka. Hakuwa amezoea kumsikia mama huyu akisema "tukijaliwa" kwa sauti ile.

Tusimwache hapo getini bila kujua kilichomnunisha. Jumba hilo lilikuwa limefungwa miezi kumi na sita likikarabatiwa. Paa lililokuwa likivuja likang'olewa, zikaja taa mpya zisizochoma rangi za picha, na kuta zote za ukumbi mkubwa zikavishwa mbao za jipsamu, nyeupe kama maziwa. Msimu mpya ukapangwa: maonyesho matano kwa miezi sita, ya vyungu, ya vitambaa, ya picha za kamera, mazungumzo na wasanii, na kila Jumamosi asubuhi, watoto wa shule kuja kuchora. Wahudumu tisa wa kumbi waliambiwa kwamba msimu ukiisha watabaki watatu. Mama Shii alibakiwa na miaka miwili kustaafu.

Kiini cha ukumbi mkubwa kilikuwa mchongo uitwao Wapagazi. Ni gogo moja refu kuliko gari, na ndani yake wametokeza watu kumi na wawili wenye mizigo vichwani, wameinama mbele, shingo zimekaza. Zamani ulilala juu ya jukwaa fupi sakafuni. Sasa mkurugenzi mpya alitaka utundikwe ukutani, juu, "waonekane wanatembea hewani." Wanaume wanane na winchi walihangaika nao siku nzima. Chini yake yakatandikwa majamvi ya watoto.

Mama Shii aliujua ukuta ule. Si huo mweupe. Ule wa nyuma yake, wa matofali, ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukinywa mvua. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga ndoo pale. Lakini nani humuuliza mtu wa ndoo?

Siku ya pili baada ya mchongo kutundikwa, alikuta sakafuni unga mweupe kidogo, kama mtu aliyesonga ugali akapangusa mikono. Akaufagia. Kesho yake tena, akaufagia. Alikuwa na utaratibu wake, nao aliwafundisha wahudumu wote waliomfuata: kwanza fagia, kisha ndipo ufungue daftari la hali na kuandika jinsi ulivyokuta kila kitu. "Usiandike kabla hujafagia," alikuwa akiwaambia. "Uchafu wa jana usiingie kwenye daftari la leo." Basi kila asubuhi alifagia, akaandika mbele ya neno Wapagazi: safi. Mwandiko wake mzuri, umelala kidogo kulia.

Siku ya sita unga ukawa mwekundu. Akaufagia. Akaandika: safi.

Usimcheke. Mkono uliofagia miaka ishirini na mitatu hauulizi rangi.

Mumewe ndiye aliyeuliza. Alikuwa fundi mwashi kabla mgongo haujamstaafisha, na siku hizi alikuwa ndiye mfuaji wa nyumba. Ijumaa alasiri mkewe aliporudi, alimkuta uani ameshika kitambaa chake cha kazi, anakisugua kwa kidole gumba.

"Mama Shii, kitambaa hiki umepangusia nini?"

"Sakafu. Chini ya Wapagazi."

"Huu ni unga wa tofali."

"Si vumbi tu, mume wangu?"

"Vumbi la nani? Mweupe ningekuelewa, ule ni wa ubao, ukitobolewa unatapika siku mbili tatu halafu unanyamaza. Huu unatoka nyuma. Bolti inasaga tofali." Akakunja kitambaa taratibu, kama anayefunika uso wa mgonjwa. "Na tofali lililolowa miaka yote hiyo, ndani limekuwa biskuti. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa wameuvika ufa shati jeupe."

Mama Shii aliketi kwenye ngazi. "Kesho kuna watoto."

"Wangapi?"

"Arobaini na wawili."

Mzee alirudi kwenye beseni lake, lakini hakufua tena; mikono ilikaa tu majini.

Mama akageuza njia, akarudi kazini bila kuvua viatu. Alimkuta mkurugenzi ofisini, katikati ya kadi za wageni. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa kijana mwenye adabu aliyekuwa hajalala vizuri kwa wiki mbili.

"Karibu, mama. Kuna nini?"

Akamweleza. Kijana akasikiliza, akainuka, wakaenda ukumbini pamoja. Sakafu ilikuwa inang'aa.

"Huo unga uko wapi, mama?"

"Nimeufagia."

"Wa jana?"

"Nimeufagia."

"Na wa siku zote hizo?"

Mkurugenzi akafungua daftari la hali, akapitisha kidole ukurasa mzima. Safi. Safi. Safi. Mara kumi na mbili, kila mara na sahihi yake.

"Mama yangu," alisema kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko kufokewa, "mkandarasi ameniandikia kwamba ukuta ni imara. Wewe umeandika kwamba kila kitu ni safi. Nimwambie nani leo kwamba nyote wawili mmekosea? Jumatatu nitamwita aje atoboe atazame. Nakuahidi."

"Na kesho?"

"Kesho ni ufunguzi, mama. Kapumzike."

Ndiyo sababu Jumamosi ile alikuja mapema, amekumbatia mkoba. Alikusudia jambo moja ambalo hakuwahi kulifanya maishani: kutofagia. Angeuacha unga ulale pale, aende kumwita kijana aje auone kwa macho yake.

Akausukuma mlango wa ukumbi. Kampuni ya usafi ilikuwa imepita alfajiri na mashine yao, kwa heshima ya wageni. Sakafu ilikuwa kioo. Wapagazi kumi na wawili walimwinamia kutoka juu. Akaona, au alidhani ameona, kwamba kivuli chini ya gogo kimenenepa kuliko jana, kana kwamba limeachana kidogo na ukuta.

Alisimama pale muda mrefu akisikiliza. Hakuna kilichosikika. Miaka yote alikuwa ameutaka ukimya kama ule, na sasa alitamani ukuta useme hata neno moja.

Saa tatu mratibu wa programu aliingia, binti mchangamfu, mikono imejaa karatasi kubwa za kuchorea. Akazipanga juu ya majamvi, moja kwa kila mtoto. Uani, wapiga ngoma walianza kujaribu ngoma zao. Du. Du-du. Mama Shii aliangalia karatasi nyeupe zilizokuwa chini ya mchongo. Ngoma kubwa ikapigwa kwa nguvu, na juu ya karatasi moja, kisha ya pili, vikadondoka vichembe vyekundu, vidogo kama pilipili ya kusaga.

"Binti! Njoo uone. Njoo haraka!"

Mratibu akaja, akainama. "Ah, mama, vumbi tu hili." Kabla mama hajauzuia mkono wake, akainua karatasi zote mbili, akazipuliza. Fuu. Nyeupe tena.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimesafisha, mama. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Mama Shii alichukua daftari la hali, akaandika mbele ya neno Wapagazi: si salama, ukumbi umefungwa. Akatia sahihi, akijua fika kwamba mhudumu afungaye ukumbi siku ya ufunguzi hatakuwa mmoja wa wale watatu. Kisha akamshika binti mkono, wakatoka, akavuta milango yote miwili, akaipa mgongo. Ufunguo hakuwa nao. Siku hizi ulikaa kwa mkurugenzi.

Watoto walikuwa tayari wamefika kwenye korido, wawili wawili, wameshikana mikono, na mwalimu wao mbele.

"Mwalimu," mama alisema, "usiwaingize humu. Ule mchongo utaanguka."

"Utaanguka? Nani kasema?"

"Nimesema mimi."

Mkurugenzi akatokea nyuma yao, tai imekaa sawa, tabasamu tayari. "Karibuni sana, mwalimu! Samahani, huyu ni mama yetu, amechoka na maandalizi. Mkandarasi amethibitisha kila kitu, barua ninayo." Akamgeukia mama, sauti akaishusha. "Tafadhali, mama. Sogea."

"Sisogei, mwanangu. Ukitaka, nisukume."

Uani ngoma zote zikaanza kwa pamoja, na mama akahisi mlango ukitetemeka mgongoni.

Mwalimu alimtazama kijana mwenye barua. Akamtazama mwanamke mfupi asiye na chochote mkononi. Nyuma yake watoto walikwishaanza kuvua viatu ili wasichafue majamvi. Na wewe, ndugu yangu unayesoma, ungekuwa ndiye mwalimu huyo, ungewaambia wavue upesi, au wavae warudi?