Makofi ya Mama Kwenye Albamu ya Pili

Albamu yetu ya kwanza ilikuwa kelele, na kelele hiyo ilikuwa yangu. Katika bendi yetu ya watu wanne pale Kibondo, mpiga gitaa nilikuwa mimi, mwanamke peke yangu, na nilikuwa na pedali ya kukwaruza sauti niliyoikanyaga tangu wimbo unaanza mpaka unaisha. Mwenye duka la vitenge jirani na chumba chetu cha mazoezi alikuwa akija mlangoni, anatusalimia kwa adabu zote, halafu anauliza kama kuna mtu anaumwa humo ndani. Nilicheka nikaongeza sauti.

Kwa hiyo mwimbaji wetu alipokuja na nyimbo mpya za taratibu, eti sasa tumekua, eti tupunguze gitaa, nilijua anayepunguzwa ni mimi. Tangu siku hiyo sikukaa kitako. Nilizunguka chumba kile, nakaza nyuzi ambazo hazijalegea, nachomoa waya na kuuchomeka tena. Mwenzetu wa ngoma akaniuliza kama nina siafu kwenye viatu. Nikamwambia ninao, na leo watamhamia. Lakini swali lililokuwa linanitafuna sikumwambia mtu: gitaa langu likitoka kwenye albamu hii, mimi nabaki kufanya nini? Kubeba spika?

Wimbo wa kufungulia ndio ulionimaliza kabisa. Mwimbaji alitaka uanze kwa makofi ya salamu, yale ya kwetu Waha, mama anainama kidogo na kupiga viganja taratibu huku anauliza habari za nyumba, za watoto, za shamba, mpaka habari zinaisha zenyewe. Gitaa hakuna. Na aliyemtaka apige ni mama yangu mzazi, kwa sababu aliwahi kumwona akisalimia watu msibani na hakusahau. Nikamwambia mama ana maharage ya kuvuna. Mwimbaji akapanda bodaboda mwenyewe hadi kijijini kwetu Nyakitonto kumwomba, na mama akakubali bila hata kuniuliza. Hapo nilinuna kwelikweli.

Studio iko Kasulu, chumba cha uani chenye magodoro yaliyogongomelewa ukutani. Prodyuza ni mtu wa Dar, alimfuata huku mkewe mwalimu. Asubuhi hiyo alimvika mama hedifoni juu ya kilemba, akamfungia peke yake, akamwashia mlio wa kuhesabia mapigo na kumwonyesha kwa ishara kupitia kioo kwamba apige. Mama akapiga. Yalikuwa makofi makavu, yamenyooka, hayana mtu ndani. Prodyuza akasema safi, yako kwenye mdundo. Na sisi, Waha sote, tukaitikia kwa vichwa, ingawa kila mmoja alisikia kuna kitu hakipo. Moyoni nilifurahi. Nikaanza kufungua mfuko wa gitaa, nafasi yangu inarudi.

Mama akavua hedifoni, akaziweka kwenye kiti, akatoka. Aliuliza swali moja tu, na aliliuliza kwa Kiswahili ili prodyuza naye asikie.

"Sasa humo ndani namsalimia nani?"

Tukatazamana. Watu tuliolelewa kwa salamu hizo, tumemfungia mtu chumbani tukamwambia asalimie ukuta! Makofi yale hayapigwi bila wa kuitikia. Mmoja anapiga, mwingine anajibu, na anayejibu ndiye anayempa mwenzake mwendo. Mwimbaji akaanza kuvua viatu ili aingie. Mama akamwambia abaki, akanitazama mimi.

Niliingia nimevimba. Gitaa likabaki nje, limeegemea mlango. Prodyuza akazima ule mlio wake, akaacha maikrofoni tu. Tulikaa mkekani tukitazamana, mama akapiga: mwakeye, salamu yetu ya asubuhi. Nikajibu. Akauliza habari za Kibondo, nikapiga, nzuri. Habari za kazi, nzuri. Habari za wenzangu, nzuri. Nilitaka ziishe nitoke, mikono yangu ikawa inamtangulia. Mama akazidi kupunguza, hadi nami ikabidi nipunguze. Kisha, kwa sauti ileile, akaingiza moja ambayo haimo katika salamu.

"Na hiyo hofu yako, imeamkaje?"

Mikono ikaniganda. Sikuwa nimemwambia kitu. Machozi yakanilenga mbele ya kioo, na wenzangu wote wananiona, nikakasirika kwa hilo pia. Mama alingoja, viganja vimeachana, kwa sababu bila jibu langu salamu haiwezi kuendelea.

"Ipo, mama," nikasema. Nikapiga.

Naye akapiga, akahamia kwenye habari za mvua.

Kwenye rekodi ile mwimbaji aliyatoa maneno yote ya salamu, akabakiza makofi. Gitaa langu linaingia wimbo wa tatu, bila pedali. Watu huniuliza kuhusu pale mwanzo, panapokuwa kimya kirefu kisha linasikika kofi moja, kama rekodi ilikwama. Nawaambia haikukwama. Hapo ndipo napiga mimi.